Asali na Mwezi Unaopungua: Nilivyofuata Asili ya Neno "Honeymoon"

Neno la Kiingereza "honeymoon" limeundwa kwa maneno mawili ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anayajua, yaani asali na mwezi. Urahisi huo ndio unaomponza anayetaka kujua lilikotoka, kwa kuwa kila anayelitazama hudhani amekwisha kulielewa, na aliyekwisha kuelewa haoni sababu ya kuuliza. Mimi nililazimika kuuliza kwa sababu ya kazi. Nilikuwa mapokezi katika hoteli ya ufukweni upande wa mashariki wa Unguja, ambako sehemu kubwa ya wageni ni watu waliotoka kufunga ndoa, na uongozi ulinikabidhi kijitabu cha matangazo cha Kiingereza nikitafsiri kwa ajili ya maharusi wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi ambao nao walikuwa wameanza kuja kwa wingi.

Ukurasa wa kwanza wa kijitabu ulikuwa na hadithi. Ilisema kwamba miaka elfu nne iliyopita, huko Babeli, baba wa bibi harusi alikuwa akimpatia mkwewe pombe ya asali ya kunywa mwezi mzima baada ya harusi, na kwa kuwa Wababeli walihesabu siku zao kwa mwandamo wa mwezi, kipindi hicho kikaitwa mwezi wa asali. Chini yake palikuwa na picha ya glasi mbili pamoja na bei ya kinywaji chenye asali kilichouzwa baa.

Hadithi hii inapatikana kila mahali, na ninaelewa kwa nini watu huipenda. Ina harusi, ina ulevi, ina mkwe mkarimu, na ina Babeli, mji ambao ukiutaja tu kila jambo linaonekana la kale na la kuaminika. Lakini nilipoanza kuiandika kwa Kiswahili, swali lilikuja lenyewe: kikaitwa hivyo na nani, na kwa lugha gani? Wababeli waliandika Kiakadi. Kati ya kukoma kwa maandishi yao na kuanza kwa lugha ya Kiingereza kuna karne nyingi. Kama jina hilo lilisafiri kutoka Mto Euphrates hadi Mto Thames, lilipaswa kupita katika lugha fulani njiani, na kuacha alama katika Kigiriki, Kilatini, au Kifaransa cha kale. Kijitabu hakikutaja hata kituo kimoja cha safari hiyo.

Mgeni mmoja, mzee wa Kiingereza aliyekuwa amestaafu ualimu na ambaye alikuja kusherehekea ndoa yake ya pili, alinikuta nikihangaika na ukurasa ule usiku wakati wa zamu. Hakunipa jibu. Alinipa njia tu: nisianze na maelezo ya neno, nianze na neno lenyewe, nitafute mahali pa kwanza kabisa lilipoandikwa, kisha nisome wale waliolitumia walidhani lina maana gani. Kamusi za zamani za Kiingereza, alisema, nyingi zimekwisha kupigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, ukurasa kwa ukurasa, na mtu hahitaji kuwa profesa ili azifungue. Ushauri huo umenifaa kuliko mafunzo mengi niliyopewa kazini, nami nimeutumia kwa maneno mengine tangu hapo.

Neno linajitokeza katika maandishi ya Kiingereza katika karne ya 16. Mwaka 1546 mshairi John Heywood alichapisha mazungumzo marefu ya kishairi yaliyokusanya methali za Kiingereza, na alizipanga methali hizo ndani ya kisa kuhusu ndoa za aina mbili: kumwoa kijana maskini unayempenda, au kumwoa mjane mzee mwenye mali. Ndani ya mazungumzo hayo anasema kuhusu wanandoa wapya kwamba ilikuwa bado ni mwezi wa asali tu. Neno "bado" limebeba uzito wote wa sentensi hiyo, kwani msomaji anaelewa kwamba yanayofuata hayatakuwa matamu.

Miaka sita baadaye, mwaka 1552, Richard Huloet alichapisha kamusi ya Kiingereza na Kilatini, na humo akalieleza neno kwa kirefu. Anasema ni usemi unaotumika kwa watu waliooana karibuni ambao hawagombani mwanzoni, bali mmoja humpenda mwenzake kupita kiasi, na dalili zinaonyesha kwamba mapenzi hayo yaliyopita kiasi yatapoa. Wakati huo ndio watu wa kawaida wanauita mwezi wa asali. Nilisoma maelezo hayo nikiwa nyuma ya meza ya mapokezi, mbele yangu kukiwa na taji za maua na kadi za kuwapongeza maharusi wa siku hiyo, na nikaona jinsi neno lilivyokuwa limegeuka. Kwa Huloet halikuwa pongezi hata kidogo. Lilikuwa utani wa watu wazima waliokwisha kuishi katika ndoa, wakiwatazama wanaoanza.

Aliyenimalizia shaka yote ni Thomas Blount, mwanasheria aliyetunga kamusi ya maneno magumu mwaka 1656. Yeye anaandika kwamba neno hili husemwa juu ya wanandoa wanaopendana sana mwanzoni kisha mapenzi yao yakapungua: sasa ni asali, lakini itabadilika kama mwezi. Hakuna pombe hapo. Hakuna Babeli wala mkwe. Asali ni utamu, na mwezi ni ule wa angani, ambao ukishakuwa mpevu hauna njia nyingine isipokuwa kuanza kupungua.

Kwa hiyo watu waliokuwa karibu zaidi na kuzaliwa kwa neno hili, waliolisikia likisemwa mitaani na kuona haja ya kulieleza kwa maandishi, wote wanaelekeza upande mmoja. Hadithi ya pombe haimo katika maelezo yao. Hilo halimaanishi kwamba kila maelezo ya kale ni sahihi, kwa maana watunzi wa kamusi wa zamani nao walikisia mambo mengi. Lakini mtu anayedai kwamba Huloet na Blount walikosea kuhusu neno la wakati wao ana wajibu wa kuleta ushahidi wa kale kuliko wao, na kijitabu cha hoteli si ushahidi wa namna hiyo.

Baada ya hapo nilirudi Babeli, kwa udadisi tu, kuona kama hadithi ile ingeweza kusimama kwa miguu yake yenyewe. Kinywaji kikuu cha Wababeli kilikuwa pombe ya shayiri, na baadaye pia pombe ya tende. Neno lao ambalo kwa kawaida hutafsiriwa kuwa asali, "dishpu", lilitumika pia kwa shira ya tende, jambo ambalo Mswahili hawezi kulishangaa, kwani hata sisi tunalazimika kusema "asali ya nyuki" ili kuitenga na asali ya miwa. Nyuki wenyewe hawakuwa jambo la kawaida huko. Katika karne ya 8 kabla ya Kristo, mtawala mmoja wa nchi ya Suhu kando ya Euphrates, Shamash-resh-usur, alichonga maandishi kwenye jiwe akijisifu kwamba yeye ndiye aliyeleta nyuki wa asali kutoka milimani, jambo ambalo hakuna hata mmoja wa waliomtangulia aliyepata kulifanya. Mtu anayejisifu kwa kuleta nyuki zaidi ya miaka elfu moja baada ya ile harusi ya kijitabu anaifanya pombe ya asali ya mwezi mzima kwa kila bwana harusi kuwa jambo gumu kuamini.

Hapo lakini nilijifunza kuwa mwangalifu upande wa pili pia, kwa sababu pombe ya asali na ndoa ni vitu ambavyo kweli hukutana, na mahali pengine si mbali na kwetu. Wakamba wana uki, Wakikuyu wana muratina inayochachushwa kwa asali na tunda la mti uitwao kwa jina hilohilo, na pombe hizo zina nafasi yake inayojulikana katika mazungumzo ya mahari na baraka za wazee. Rafiki yangu kutoka Kitui, niliyemsimulia habari hizi, aliona hadithi ya Babeli ni ya kawaida kabisa, tena akauliza kwa nini ninaikataa. Nilimjibu kwamba siikatai pombe, ninaukataa ukoo unaodaiwa. Kinywaji kinaweza kuwapo, na harusi ikawapo, bila jina la Kiingereza kuwa mtoto wao. Makosa mengi katika asili za maneno, nilivyoona baadaye, yana sura hii: vitu viwili vya kweli vimeunganishwa kwa kamba ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Kuna hadithi nyingine inayozunguka, ambayo haimo katika kijitabu lakini wageni wa kutoka Ulaya ya Kaskazini walinisimulia. Inasema neno limetoka Skandinavia, ambako bwana harusi alimteka bibi harusi na kujificha naye mwezi mzima mpaka ndugu zake wachoke kumtafuta. Huwa inaambatanishwa na neno refu la Kiskandinavia cha kale lenye maana ya mwezi wa usiku wa harusi, ambalo mwanzo wake unafanana kidogo na "honey" ukilitamka haraka. Ni hadithi ya kusisimua, lakini inaangushwa na sehemu yake ya pili. Neno hilo la Kiskandinavia linaishia na lile la mwezi wa kalenda, na ndugu yake katika Kiingereza ni "month". Lingepita kwa njia ya kawaida ya sauti, Kiingereza kingekuwa na "honeymonth". Kimepata "honeymoon", yaani mwezi unaoonekana usiku, na kamusi ya Blount imekwisha kueleza sababu.

Tofauti hiyo kati ya mwezi wa angani na mwezi wa kalenda ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi, nami sioni aibu kukaa nayo hapa kidogo. Katika Kiingereza "moon" na "month" ni maneno ya ukoo mmoja, na wanaisimu huyarudisha kwenye mzizi wa kale ambao wengi wanauhusisha na kupima, kwa kuwa mwezi ndio uliokuwa kipimo cha muda. Yalitengana zamani sana, na Mwingereza wa leo halazimiki kuyafikiria pamoja. Kiswahili hakikutenganisha. Tunasema mwezi umeandama na tunasema mshahara wa mwezi, na neno ni lilelile. Kituruki nacho ni hivyo: "balayı" ni asali na mwezi, na "ay" inabeba maana zote mbili. Kiarabu kilipolichukua wazo hili kilichagua "shahr al-asal", na "shahr" ni mwezi wa siku ishirini na tisa au thelathini, si ule unaomulika. Chaguo hilo linaeleweka, lakini limefuta nusu ya utani. Katika Kiarabu kilichobaki ni muda mtamu. Kule kupungua, ambako kwa watu wa 1552 ndiko kulikokuwa na ucheshi, kumeondoka.

Wafaransa walilitafsiri neno la Kiingereza moja kwa moja, "lune de miel", na aliyelipa sifa ni Voltaire, ambaye alikuwa ameishi Uingereza kuanzia mwaka 1726 kwa zaidi ya miaka miwili. Katika kisa chake cha Zadig, kilichochapishwa miaka ya mwisho ya 1740, kijana aliyeoa anagundua kwamba mwezi wa kwanza wa ndoa ni mwezi wa asali na wa pili ni mwezi wa pakanga. Pakanga ni ule mmea mchungu ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaujua kutoka Kitabu cha Ufunuo. Voltaire anadai, kwa mzaha wake wa kawaida, kwamba ameyatoa hayo katika kitabu kitakatifu cha Waajemi. Mzaha huo unastahili kukumbukwa: tayari katika karne ya 18 mtu aliona kwamba neno hili litapendeza zaidi likivikwa kanzu ya mashariki ya kale.

Wazungu wengine hawakuhitaji asali. Kwa Wajerumani ni "Flitterwochen", majuma ya kuchekeana na kubembelezana, kutokana na kitenzi cha zamani chenye maana hiyo. Wadenmaki walisema siku za mkate wa ngano, kwa kuwa mkate wa kila siku wa watu wengi ulikuwa mweusi, wa nafaka iitwayo rai, na ule mweupe ulikuwa wa starehe. Kwa maoni yangu hilo ndilo jina la kweli kuliko yote, kwa sababu halidanganyi kwamba starehe ni ya kudumu, na wala halimtishi mtu.

Jinsi onyo lilivyogeuka kuwa tangazo la hoteli ni jambo lililotokea polepole. Samuel Johnson katika kamusi yake ya 1755 anaeleza tu kwamba ni mwezi wa kwanza baada ya ndoa, ambamo hamna kitu isipokuwa upole na raha. Mwezi wa angani umekwisha kutoweka katika maelezo yake, na dhihaka imekwisha. Katika karne ya 19 tabaka la wenye uwezo huko Uingereza lilikuwa na desturi ya kusafiri baada ya harusi, mara nyingi wakifuatana na jamaa au marafiki, kuwatembelea ndugu ambao hawakuweza kuhudhuria. Reli ilipofanya safari iwe nafuu, na ndugu walipoachwa nyumbani, jina la kipindi likahamia kwenye safari yenyewe. Malkia Victoria alipoolewa na Albert mwezi Februari 1840 walikwenda Windsor kwa siku chache tu kisha akarudi kazini. Mwezi wa asali wa malkia, kwa maneno mengine, haukuwa mwezi.

Nilipofika hapo nilikuwa bado sina neno la Kiswahili kwa ajili ya kichwa cha ukurasa. Vijana wa hoteli walisema niandike "hanimuni", kwa kuwa ndivyo wateja wanavyosema kwenye simu. Meneja alipenda "mwezi wa asali". Mimi nilikwenda kwa shangazi yangu Makunduchi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa kungwi na amewaweka ndani maharusi wa vijiji kadhaa. Nilimsalimia, nikamweleza habari za Waingereza na mwezi wao.

"Mwezi mzima?" aliuliza. "Nani anapika?"

Nikamwambia kwamba wanakwenda hotelini.

"Basi hao hawako ndani, mwanangu. Hao wanasafiri."

Alikuwa anatofautisha vitu ambavyo kamusi zangu zilikuwa zimevichanganya. Fungate, kwa desturi ya pwani aliyoijua yeye, ilikuwa siku saba za kukaa, si za kwenda. Bwana harusi aliingia upande wa mke, chakula kilitoka kwa wazazi wa bibi harusi, kungwi alikuwa karibu, na heshima ya nyumba ilipimwa kwa sahani zilizoingia chumbani. Jina lenyewe ni hesabu. Kabla ya saba ya Kiarabu kutawala, Kiswahili kilikuwa na "fungate" kwa namba hiyo, kama kilivyokuwa na "tandatu" kwa sita na kinavyoendelea kuwa na "kenda" kwa tisa, na Wagiriama mpaka leo wanahesabu "fungahe". Namba ilikufa sokoni ikabaki chumbani kwa maharusi. Ni neno lililosalia kwa kushikamana na desturi, wakati "honeymoon" limesalia kwa kuiacha desturi yake ya kwanza, ambayo ilikuwa ni kuwacheka wanandoa.

Sikutaka kumvisha shangazi maneno ya wageni, wala kuwavisha wageni maneno ya shangazi. Niliandika "fungate" kwenye kichwa, kwa sababu msomaji wa Kiswahili ataelewa mara moja na kwa sababu kifurushi cha hoteli kilikuwa cha usiku saba, na ndani ya maelezo nikatumia "safari ya fungate" kila palipohitajika kusemwa kwamba watu wanatoka nyumbani. Kwa meneja niliandika ukurasa mmoja wa sababu za kuiondoa hadithi ya Babeli, nikiwa nimeweka Huloet, Blount na yule mtawala wa Suhu aliyejisifia nyuki wake. Alisoma mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitarajia, akaniuliza kama kamusi hizo zinasema jambo lolote ambalo tunaweza kuliweka badala yake. Nilimwonyesha sentensi ya asali itakayobadilika kama mwezi. Alitazama taji za maua pale mezani, akanirudishia karatasi.

Kijitabu cha Kiingereza kilibaki kama kilivyokuwa, kwa kuwa baa ilikuwa ikiuza kinywaji kile vizuri. Cha Kiswahili kilichapishwa bila hadithi, na nafasi iliyobaki kwenye ukurasa wa kwanza iliwekwa ratiba ya boti za Dar es Salaam.